Baba wa Wasailiwa

Nilikuwa dereva wa mkataba katika ofisi moja ya umma hapa Karatu. Mkataba wenyewe ulikuwa wa miezi michache michache, na kila ulipokwisha niliongezewa mwingine kwa maneno yale yale: vumilia, kibali cha ajira kiko njiani. Kilikuwa njiani tangu nilipoanza kazi. Njia zote za huku nazijua, nimezipita masika na kiangazi kwa lile Landkruza la ofisi tunaloliita mkonga kwa ajili ya lile bomba lake refu la hewa, na sikuwahi kupishana nacho hata siku moja.

Ajira ya kudumu niliitaka kwa sababu moja, na ofisi nzima iliijua. Ilikuwa goti la mama. Mama alikuwa ameletwa kwangu kutoka kijijini kwetu Kakesio baada ya goti la kulia kukataa kabisa kazi, na daktari akasema dawa za kuchua zimefika mwisho, linataka upasuaji. Mtumishi wa kudumu hupata bima ya afya na wazazi wake huwaandikisha humo. Dereva wa mkataba hupata ahsante. Mama alishaanza kuizungumzia bima kama mgeni anayesubiriwa. Bima ikifika, alikuwa akisema, nitarudi Kakesio kwa miguu yangu, na wale waliosema nimekwisha watanipokea mlangoni.

Bosi wangu alikuwa afisa usafirishaji, mzee aliyebakiza kidogo tu astaafu, naye mzaliwa wa Kakesio. Alikuwa rika moja na marehemu baba yangu. Kwetu Wamasai, wanaume waliotahiriwa kipindi kimoja ni rika, na mtoto wa mmoja wao ni mtoto wa wote. Wala si heshima ya mdomoni tu. Mzee wa rika la baba yako hawezi kukuoa, anaweza kukukemea mbele ya watu, na ukikutana naye unainamisha kichwa akuguse utosini. Nilikuwa namwinamishia kichwa kila asubuhi pale ofisini, na mhasibu wetu, mtu wa Lindi, alikaa mwaka mzima akidhani naombewa.

Siku moja kibali kikafika kweli. Nafasi ilikuwa moja ya dereva, waombaji walikuwa wengi kama nzige, na jopo la usaili lingekuwa na watu wa palepale ofisini, mzee wangu akiwemo. Vijana wa bodaboda pale getini hawakungoja hata tangazo likauke gundi.

"Dada, umeula!" walinipigia kelele. "Mshua yumo kwenye jopo!"

Nilijifanya sijasikia, lakini nilitembea kwa madaha. Mama wa Kirangi mwenye duka jirani na nyumbani alinishika mkono akasema Mungu hamtupi mja wake, na sikumsahihisha kwamba aliyekuwa anategemewa si Mungu. Nilikuwa nimeshaanza kuangalia viatu vya mama, vya kufunga kamba, vya kuvaa baada ya upasuaji.

Dalili mbaya ya kwanza ilikuwa kwamba mzee aliacha kupanda gari langu. Tangu siku nilipopeleka maombi alikwenda kazini kwa miguu, suti imebadilika rangi kwa vumbi jekundu. Nikimkuta barabarani na kupunguza mwendo, alinipungia mkono kwa nguvu kama anafukuza ng'ombe kwenye shamba la mahindi. "Pita! Pita wewe! Mimi na msailiwa ndani ya gari moja, watu watasemaje?" Gari lilikuwa lake kikazi, dereva alikuwa wake kikazi, na mvua ilikuwa inakaribia. Nilipita.

Siku ya usaili tulikaa kwenye mabenchi barazani, chini ya dirisha la chumba cha mkutano. Lile dirisha lina vioo vya kukunja na viwili havifungi, kwa hiyo siri za ofisi yetu huwa zinatoka zenyewe. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mkuu wa utumishi, mama mmoja wa Tanga, mpole, ambaye bado alikuwa anavaa sweta mbili kwa baridi ya huku. Tukamsikia akisema, kama utaratibu unavyotaka, kwamba atasoma majina ya wasailiwa, na mjumbe mwenye undugu na mmoja wao aseme.

Jina langu lilikuwa juu.

"Huyo ni mwanangu," akasema mzee.

Mwenyekiti akasoma jina la pili, la kijana mmoja wa Oloipiri.

"Huyo naye ni mwanangu."

La tatu lilikuwa la jamaa wa Piyaya aliyekuwa akiendesha watalii, amekaa benchi la mwisho na miwani yake ya jua ingawa kulikuwa na mawingu.

"Na huyo pia."

"Mzee wangu," mwenyekiti akauliza taratibu, "una watoto wangapi?"

"Wa rika zima? Siwezi kuwamaliza."

"Namaanisha wa damu."

"Damu ni mambo ya hospitali, mama. Wewe umeuliza undugu."

Benchi zima lilicheka, isipokuwa mimi. Mwenyekiti akajaribu kumsaidia. Akamweleza kwamba serikali ikisema undugu haimaanishi hayo, na kwamba akikaa kimya hakuna atakayemlaumu. Mzee akajibu kwamba kama angekufa kesho, hawa watatu wangenyoa nywele za msiba, na mtu wa kunyoa nywele kwa ajili yako huwezi kumpa maksi. Akachukua kofia yake, akatoka, akaja kukaa kwenye benchi letu akisubiri na yeye sijui aitwe na nani.

Tungekuwa tumeishia hapo kama yule mama wa Tanga asingekuwa na akili. Aliwageukia waliobaki. Kama mzee huyu ametoka kwa ajili ya watoto wasio wa damu, alisema, mimi nauliza tena na nitauliza polepole. Tukasikia kiti kikisogea. Ofisa wa manunuzi akakohoa, akakumbuka kwamba msailiwa wa tano ni shemeji yake, mdogo kabisa wa mke wake, ambaye kwa kweli huwa wanaonana Krismasi tu. Na anakaa nyumbani kwake, akaongeza mjumbe mwingine kwa uchungu. Huyo mjumbe naye akakumbushwa kwamba ana mpwa kati ya wasailiwa. Mhasibu wa Lindi alisema hana ndugu hata mmoja mkoa mzima wa Arusha, akasema kwa furaha kubwa, kisha akakiri kwamba msailiwa wa saba ndiye mwenye nyumba wake, na kodi inaisha mwezi huu.

Jopo lilikwisha. Alibaki mwenyekiti na sweta zake. Akatoka barazani kutuambia usaili umeahirishwa hadi wapatikane wasaili kutoka wilaya nyingine. Yule wa Oloipiri, aliyesafiri kutwa nzima kufika, alimtazama mzee kwa jicho ambalo mtoto hamtazami nalo baba.

Mimi sikuishia kwenye jicho. Nilimfuata hadi nyuma ya stoo ya matairi, na hasira niliyokuwa nayo sikuwahi kuielekeza kwa mtu wa umri ule.

"Baba, ungenyamaza tu. Wewe peke yako ndiye unayejua kazi yangu. Ulishanikuta nimekwama?"

"Sijakukuta."

"Sasa?"

"Sasa nikikupa mimi, watasema umepewa. Utaendesha hilo gari mpaka ustaafu na mimi nimekaa pembeni yako, hata nikifa." Akavaa kofia. "Kama unajua kuendesha, wageni nao wana macho."

Neno hilo liliniuma, kisha likanijaza kiburi. Nikasema haya, waje hao wageni. Kwa wiki kadhaa niliosha gari mpaka likaanza kuonekana la mtu binafsi.

Walikuja masika yamekolea. Maswali ya mdomo niliyajibu vizuri, na sisemi kwa kujisifu, kwani hata mwenyekiti wao aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Baada ya hapo tukapelekwa kwenye usaili wa vitendo: kupandisha gari kwenye kilima kimoja nje ya mji, udongo mwekundu uliolowa, unaoteleza kama sabuni ya mche. Msaili mmoja angekaa mbele na wawili nyuma. Nilikitazama kile kilima nikacheka moyoni. Nimekipanda mara ngapi na wagonjwa, na mabati, na siku moja na ndama! Nikaingia, nikakanyaga mafuta, nikaondoka kwa kishindo ili wasione dalili ya woga.

Mvua ya usiku wa kuamkia siku ile ilikuwa imechimba mfereji mpya katikati ya njia. Mtu yeyote aliyeshuka akatazama angeuona. Mimi niliuona gurudumu la mbele likiwa tayari ndani yake. Gari liliinamia upande mmoja, nikakanyaga tena, na matope yakaingia kwa dirisha la nyuma ambalo nililiacha wazi kwa ajili ya hewa safi ya wageni. Msaili mmoja alipanguswa uso na mwenzake. Tulitolewa na wasailiwa wenzangu wakisukuma, na yule wa Oloipiri alisukuma kwa moyo mkunjufu kuliko wote.

Kisha ikawa zamu ya jamaa wa Piyaya. Tulikuwa tumemcheka tangu asubuhi. Aliwasalimia wasaili kwa Kiingereza cha kuwakaribisha watalii, viatu vyake viling'aa, na mtu akamuuliza kama amebeba darubini ya kuangalia simba. Alipoitwa hakuingia garini. Aliwaomba radhi wasaili, akapanda kilima chote kwa miguu na vile viatu, akisimama, akikanyaga hapa na pale, mpaka juu, kisha akashuka. Akainama kutazama matairi. Akafunga madirisha yote. Ndipo akaondoa gari, polepole mno, akilipitisha ukingoni mwa nyasi, na likapanda kama linasindikizwa. Mtu anayekesha akiwaza maisha ya abiria wake huendesha namna ile. Nilijua palepale, matope yakiwa bado yananikauka shingoni.

Majina yalibandikwa siku chache baadaye. Alipata yeye.

Mji wetu ni mji wa huruma. Kabla sijafika nyumbani, nilikuwa nimeshapewa sababu za kunitosha mwaka mzima. Bodaboda walisema ni figisu, jamaa katoa kitu. Mama wa dukani alisema bila mtu huwezi, mwanangu, ndivyo nchi ilivyo, akaninunulia soda. Mmoja alisema wamenibania kwa sababu ni mwanamke, na hilo limewahi kutokea huku mara nyingi kiasi kwamba lilikuwa tamu sana kuliamini. Niliinywa ile soda nikiwasikiliza wote. Ukikosa kazi Karatu huachwi mikono mitupu, hupewa wa kumlaumu uende naye nyumbani. Mimi nilibebeshwa wengi.

Nilimkuta mama amevaa shanga zake zote na lubega jipya, fimbo mkononi. Habari zilikuwa zimenitangulia.

"Naenda Kakesio," alisema. "Nitafutie gari. Nakwenda kwa wazee wa rika la baba yako, nikamshtaki yule mzee. Ametoka kwenye kikao akamwacha mtoto wa mwenzake yatima mara ya pili. Watamtoza ng'ombe, na hatakaa nao tena kula nyama."

Hakuwa anatania. Nilijua angefika, hata kwa kutambaa, na nilijua wazee wangemsikiliza. Mzee yule angestaafu baada ya miezi michache arudi kwao, na huko angekuta amekwisha kuhukumiwa kwa jambo jema pekee nililowahi kuliona likifanyika ndani ya chumba kile cha mkutano. Nilitakiwa kusema sentensi moja. Ilikuwa ngumu kuitoa, maana bodaboda wote, na dukani, na benchi zima la ofisi walishanipa nyingine nzuri zaidi.

"Yeyo, mama yangu, kaa chini," nikasema. "Hakuna aliyeniibia. Yule kijana amenishinda."

"Nani kasema?"

"Mimi. Niliingiza gari kwenye mfereji. Yeye alishuka akatazama njia kwanza."

Mama akaishusha fimbo. Alikuwa mke wa mchungaji wa ng'ombe na mama wa wachungaji. Hakuhitaji kuelezwa maana ya mtu kutazama njia kabla ya kupitisha kilicho cha watu. Akakaa. Akavua shanga moja moja akiziweka mapajani.

"Kwa hiyo bima haiji."

"Haiji, Yeyo. Nitaomba tena kibali kikija."

Akalisugua lile goti kwa kiganja, taratibu, kama analituliza lisisikie. "Huyo kijana," akauliza, "ana mama?"

Nikamwambia sijui.

"Kama anaye, sasa atatibiwa," alisema, na akanituma nimletee maji.

Nilikwenda kuyachota nje nikalia kwenye bomba, kwa sauti, mbele ya majirani, na mmoja wao aliponiuliza nani amenifanyia hivi nilimjibu hakuna mtu.