Rangi ya Milango ya Gari la Baba

Nikipita penye karakana nikanusa thina ya kulainishia rangi, hujikuta nimesimama, nimefunika pua. Watu hudhani ni ukali wa harufu. Sivyo, ila ninyi nitawaambia: mimi hurudi uani kwetu Lushoto, miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, mwaka ambao mama yangu aliumwa.

Baba alikuwa fundi wa kupaka rangi magari katika karakana ya serikali. Gari letu alilinunua bovu akalifufua mwenyewe. Nje lilimetameta, lakini ndani lilikuwa aibu tupu. Jua lilikuwa limepasua dashibodi, na ngozi ya plastiki ya viti na milango ilikuwa imefifia na kubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Mama alikuwa akitania, "Gari la Baba Zaina ni bwana harusi aliyevaa kanzu safi juu ya fulana iliyotoboka."

Kisha mama akaenda hospitali Tanga, wakamrudisha. Hakuna aliyetuambia ana nini. Sisi watoto tuliona tu tumbo likivimba na mikono ikikonda. Kaka yake, Mjomba Shekiondo, akaja kutoka kwao Mtae. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia.

"Shemeji," alimwambia baba, "dada anataka kwenda kwa mama yake. Safari ya basi hataiweza. Mpeleke kwa gari."

"Nitampeleka," baba alisema. "Lakini hawezi kukaa kwenye uchafu ule. Acha nipake rangi kwanza."

Akabandua vifuniko vya ndani vya milango, akavilaza kwenye jamvi. Mimi nilivisugua kwa sabuni na brashi, nikavifuta kwa kitambaa chenye thina mpaka vidole vikapauka, kisha nikavipitishia msasa taratibu, nisije nikavichana. Madukani siku zile hukupata rangi ya kazi ile. Baba alichukua rangi ya mafuta ya kijivu iliyobaki alipopaka milango ya nyumba yetu, akailainisha kwa thina. Ilipokolea ilipendeza kama manyoya ya njiwa.

Ila haikukauka. Ukungu ulishuka kutoka misitu ya Shume ukakaa uani kutwa, na ukigusa kifuniko, kidole kilinata. Mjomba aliporudi, baba alimwonyesha. "Rangi haipigwi kiboko," alisema. "Hukauka ipendapo." Mjomba alipoondoka, baba aliikwangua yote akaanza upya.

Nilifurahi, niwaambie kweli. Baba alikuwa ameomba likizo, na mama alilala kwenye mkeka barazani akitutazama, akinicheka kwa madoa ya kijivu puani. Niliona tuko kama zamani. Majirani wakanong'ona kuwa fundi mzima anashindwa na milango ya gari lake mwenyewe. Mjomba akaja tena, safari hii hakukaa.

"Unamchelewesha mgonjwa kwa ajili ya mlango?"

"Nguo zikimgandia atasumbuka," baba alijibu, akainama kwenye kopo lake.

Siku moja, jua lilipochomoza kidogo na baba amekwisha kuvirudisha vifuniko garini, mama aliniita nimwinue. Aliniegemea mpaka garini. Alikuwa mwepesi, nikaogopa. Akaweka kiganja mlangoni, akakibonyeza muda mrefu. Alipokiondoa nilikiona: kilikuwa kijivu chote. Akakificha ndani ya kanga.

"Baba Zaina," alisema, "imekauka."

Baba alimtazama, brashi mkononi. "Bado upande wa pili."

"Na upande wa pili umekauka. Twende, mume wangu."

Baba alikaa akisafisha brashi ile, akaisafisha hata baada ya kutakata.

Tuliondoka kesho yake asubuhi. Njiani mama aliegemeza mkono mlangoni, kanga ikanata, hakuitoa. Kufika Mtae hakuwa na sauti tena. Bibi alimwita kwa Kishambaa, jina lake la utotoni, akaita na kuita, mama akawa anamtazama tu. Wiki haikuisha tukamzika.

Mimi nilidhani mama alikosea kuhusu ile rangi, au alichoka kungoja. Nilikuwa mtu mzima, nikitaka kupaka rangi dashibodi ya gari langu, ndipo fundi aliponiambia kwamba rangi ya mafuta juu ya plastiki laini haikauki vizuri kamwe, hunata tu. "Hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua," alisema. Baba alikuwa amepaka magari tangu kabla ya Uhuru.

Basi alijua. Na mama alijua kwamba anajua, akamwachia siku zile za kukaa naye mpaka alipoona zilizobaki hazimtoshi yeye mwenyewe kufika kwa mama yake. Lakini siku hizo zilikuwa pia za bibi, aliyekaa Mtae akimngoja mwanawe amwambie neno moja. Bibi alikufa bila kumpa baba mkono tena, na baba hakujitetea hata mara moja. Nimejaribu kumlaumu nimeshindwa. Kumsamehe nako, hakukuwa kwangu; kulikuwa kwa bibi.