Kaye ya Maji ya Ruzizi

Enzi zetu, kabla dunia haijaharibika (na usicheke, mtu wa miaka kumi na saba naye ana enzi zake), samaki alitafutwa kwa miguu. Leo mdogo wangu Christian, mwenye miaka kumi, anavua akiwa amelala kwenye kochi. Anagusa kioo cha simu ya Papa, baba yetu, kwa kidole kimoja, kambale mkubwa kuliko kitanda anaruka, simu inapiga muziki, mtoto anapewa nyota tatu. Hajalowa hata soksi. Nikimuuliza samaki wake ananuka namna gani, ananitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

Sisi watoto wa mtaa wa Panzi wa wakati ule, tuliocheza mpira wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa maganda ya mgomba, tulirudi nyumbani na vumbi la Julai mpaka ndani ya masikio, tukala bugali na samaki wadogo wa sambaza mikono ikiwa imeoshwa nusu. Tulikuwa watu wa vitendo. Isipokuwa katika jambo moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, afadhali nilikiri mwenyewe kabla dada yangu Nsimire hajanisemea. Siku ile ya kwenda kuvua mtoni Ruzizi, tuliipanga. Ee Mungu wangu, tuliipanga! Tuliipanga mpaka ikaoza.

Nilikuwa na miaka kumi, Nsimire minane, na Bisimwa kumi na mmoja. Familia ya Bisimwa ilipanga kile kijumba cha nyuma katika parseli yetu, kiwanja chetu, na waya wao wa umeme ulitoka kwetu, ukapita juu ya kamba ya nguo. Weka huo waya akilini. Mwanzo wa likizo, baba yake alipata kazi Kinshasa. Mwisho wa Agosti wote wangepanda ndege Kavumu na kwenda. Kwa mtoto wa Panzi, Kinshasa na mwezi ni mahali pamoja: unapaona, unasikia habari zake, hakuna anayerudi kutoka huko. Kwa hiyo tuliapa, mate chini na kidole juu: kabla Bisimwa hajaondoka, tutavua kambale mmoja wa Ruzizi, sisi wenyewe, na tutamchoma kwenye mbabula ya Maman, sote watatu tukikaa kando ya makaa. Babu yake wa Katana alikuwa amempa ndoana tatu ndani ya kiberiti kitupu. Alikitikisa kile kiberiti masikioni mwetu kila asubuhi kama padri anayepiga kengele.

Mtu wa kawaida, akiwa na ndoana tatu na mto chini ya nyumba, anachukua fimbo anashuka. Bisimwa hakuwa mtu wa kawaida. Bisimwa aliitisha mkutano.

Akajichagua prezidenti. Mimi nikawa sekretere kwa sababu nilikuwa na kaye, daftari ambalo halijaandikwa. Nsimire akapewa cheo cha mshauri, maana yake ni yule anayetumwa maji ya kunywa. Tulikaa juu ya ukuta wa nyuma, miguu ikining'inia, tukajadili. Mkutano wa kwanza: fimbo iwe ya mwanzi au ya mti wa avoka? Mkutano wa pili: tukimpata kambale, kichwa ni cha nani? Tulipiga kura mara tatu, kila mtu akajipigia mwenyewe. Mkutano wa tano ulikuwa wa minyoo. Tuliichimba kwa siri kwenye mboga za lengalenga za Maman, tukaiweka ndani ya kopo la nyanya, tukaitunza kama mapacha, ikafa yote siku ya tatu. Bisimwa alitaka dakika moja ya kunyamaza.

"Tutaenda lini?" Nsimire aliuliza kila mkutano.

"Mushauri, haujapewa neno."

"Lakini tutaenda siku gani?"

"Sekretere, andika: mushauri anasumbua."

Nikaandika.

Sasa, tatizo kubwa lilikuwa mto wenyewe. Wewe uliyekulia kule chini unajua: Ruzizi inapanda na kushuka bila tone la mvua. Katikati ya kiangazi, jua kali, mara mawe yote yamezama na maji yananguruma kama lori. Ukirudi baadaye, mawe yako nje, yamekauka mgongo, na katikati yake vimebaki vidimbwi ambamo samaki wamesahauliwa. Darasani mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba maji ya bahari yanajaa na kupwa kwa sababu ya mwezi. Bisimwa aliinua mkono: "Na Ruzizi, Mwalimu?" Mwalimu akamjibu: "Ruzizi ni mto. Ikaa chini."

Ni Papa aliyetufumbulia, huku akimega bugali. "Ile maji inatoka kwa barrage, ile ukuta ya kufungia mto kule juu. Bakitumikisha mashini, courant inakuwa, maji inapanda. Bakisimamisha, maji inashuka." Kisha akaongeza maneno yake ya siku zote: "Na musiende kule. Ruzizi haina shemeji, haihurumie mutu."

Sehemu ya shemeji haikuingia. Lakini ile ya kwanza! Bisimwa aliacha kutafuna. Kama umeme ukienda ndiyo maji yanashuka, basi hatukuhitaji mwezi wala mwalimu. Watu wa bahari wanatazama juu mbinguni. Sisi tungetazama taa, ile ampuli ya sebuleni.

Ndipo kaye ikaanza kazi. Kila umeme ulipokatika nilikimbia kutazama saa ya ukutani, nikaandika: umeenda, umerudi. Baada ya majuma mawili tukaona ajabu. Umeme ulikuwa unaenda saa nane kamili mchana, kila siku ya kazi na hata jumamosi, na kurudi saa kumi. Kila siku! Katika mji huu ambamo hata misa haianzi kwa saa yake! Bisimwa alinishika mabega akanitikisa. "Tumegundua," alisema. "Hakuna mutu anajua hii kitu."

"Basi tuende kesho saa nane," Nsimire akasema.

"Hapana. Muvuvi muzuri anachunga mwezi muzima."

Na kulikuwa na kizuizi kingine, kidogo tu, ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekifikiria kwa akili. Saa nane ndiyo saa Maman alipotufungia ndani. "Courant imeenda, televizyo imekufa, basi mufanye devoirs ya vakansi. Kichwa haitumike na courant." Tulikaa mezani na kazi za likizo, tukizidisha sehemu, watatu pamoja, maana Maman alimlea Bisimwa kama wake. Mara mbili tulifaulu kutoroka saa kumi kasoro kidogo, tukashuka mbio hadi mtoni, tukakuta maji yamejaa yananguruma. "Munaona?" Bisimwa akasema huku akihema. "Tumechelewa. Kaye iko na haki." Na mashine ya kusaga ya jirani ilinguruma mchana kutwa, saa nane, saa tisa, bila kukoma hata siku moja. Nilipouliza, prezidenti alijibu kwamba bila shaka inatumia mafuta ya mazuti, si umeme. Nikaandika: inatumia mazuti.

Ninapoikumbuka mashine ile ninataka kujipiga kofi.

Agosti ikaenda hivyo. Kwenye kijumba cha nyuma vitu vilianza kupungua: kwanza godoro, kisha sufuria, kisha picha ya Bikira Maria ikaacha alama nyeupe ukutani. Sisi tulikuwa kwenye mkutano wa kumi na tisa. Tulikuwa na ramani. Tulikuwa na wimbo.

Jumamosi ya mwisho, siku mbili kabla ya ndege, saa nane ikafika na umeme ukaenda. Nilikuwa nimeinua kalamu wakati Nsimire alipoingia mbio kutoka ukumbini, macho yamemtoka.

"Ni Maman!" alipiga kelele. "Ni Maman njo anafunga Ruzizi!"

Tulitoka. Maman alikuwa amesimama juu ya kigoda, mkono mmoja bado uko kwenye disjoncteur, kile kidude cheusi kando ya mita, ambamo ulianzia hata ule waya wa kina Bisimwa. Alikuwa amekishusha kwa kidole. Kwa kidole kimoja, kama Christian na simu yake.

"Sasa munanitazama nini?" akauliza. "Bila hii mungesoma siku gani? Muingie, bapumbafu nyinyi. Devoirs."

Miezi miwili. Kurasa arobaini. Hatukuwa tumepima mto. Tulikuwa tumempima Maman.

Bisimwa alichukua kaye mikononi mwangu, akapitisha kidole kwenye safu zile nzuri, umeenda, umerudi, umeenda, umerudi, akaifunga. Nsimire, mtu wa miaka minane, ndiye aliyetoa uamuzi: "Kesho, kisha misa, tunaenda. Hata maji ikuwe mingi. Tunaenda tu."

Tukaenda. Tulitoka misa ya kwanza tukiwa na viatu vya kanisani, fimbo tulikuwa tumezificha kwenye mtaro, tukashuka kile kinjia cha udongo mwekundu tukitelezea visigino. Na tulipofika chini nikasimama.

Mawe yalikuwa nje. Yote. Yamekaa juani kama ng'ombe waliolala. Maji yalikuwa yamebaki ukanda mdogo upande wa Rwanda, na kwetu vidimbwi, kimoja baada ya kingine, vinameta. Kwenye kidimbwi cha tatu, haki ya Mungu, kulikuwa na kambale. Mweusi, masharubu yake yanapapasa maji polepole, mrefu kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko.

Kando yake mama mmoja alikuwa anafua nguo. "Mama," Bisimwa akauliza kwa sauti ndogo, "maji imeshuka juu ya nini?"

"Eh, leo si dimanche? Batu habatumike, mashini ya barrage inalala. Kila dimanche asubui inashuka mpaka pale saa tano. Hata mutoto wa kubeba mugongoni anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilizaliwa." Alikamua shati. "Haiko kitu ya kufikiri. Ni ya kuuliza."

Mikutano kumi na tisa. Hakuna aliyeuliza.

Lakini kambale alikuwepo, bado tulikuwa na muda. Nilinyoosha mkono. "Lete ndoana."

"Leta wewe," akasema Bisimwa.

"Mimi? Kiberiti si kiko kwako?"

Uso wake ukabadilika polepole, kama maziwa yanayokatika. Kiberiti kilikuwa kwenye valizi, sanduku lao la safari. Valizi ilikuwa imefungwa tangu ijumaa kwa kamba za baba yake, kamba juu ya kamba. Nikafungua kaye, maana kwa wakati huo wa ujinga nilikuwa bado nimeibeba kwapani, nikatafuta ukurasa wa vyombo. Kulikuwa kumeandikwa, kwa mwandiko wangu mzuri: "Ndoana: kubeba." Nani abebe, hakuna.

"Sekretere gani wewe!"

"Na wewe prezidenti gani!"

"Samaki anaenda," akasema Nsimire.

Bisimwa alivua shati lake la jumapili, akaingia kidimbwini mpaka magotini, akalitandaza chini ya maji kama wavu. Mimi nikampa Nsimire kaye, nikaingia upande wa pili na viatu vyangu. Tulimbana kambale kwenye jiwe. Nilimgusa. Sijawahi kumwambia mtu hili bila kuchekwa, lakini nilimgusa: baridi, laini, na nguvu isiyolingana na ukubwa wake. Shati lilimfunika kichwa. Bisimwa akacheka kwa sauti kubwa, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia mwezi mzima.

"Mutoke!" Mama wa kufua alikuwa amesimama, beseni kichwani. "Batoto, mutoke! Maji inakuja!"

Hatukusikia maji. Tuliona tu kidimbwi kinainuka, kinaungana na kile kingine, na miguu ikawa myepesi. Nsimire alinishika mkono, mimi nikamshika Bisimwa, mama akatuvuta wote kwa nguvu za mtu aliyekamua mashuka maisha yake yote, akatuporomoshea matusi ya lugha ya Mashi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tulipogeuka, mawe yalikuwa yamekwisha. Shati la jumapili lilikuwa linashuka kuelekea Uvira, na kambale yumo au hayumo, Mungu ndiye anayejua.

Tulisimama ukingoni tukidondosha maji. Bisimwa, kifua wazi, alitazama mto. Kisha, kwa sauti yake ya prezidenti, kwa mazoea tu, akasema:

"Sawa. Tutarudi dimanche ijayo."

Nsimire alinirudishia kaye. Mara hii sikuandika.

Kesho yake walienda Kavumu.

Ndiyo hizo enzi zetu. Christian anavua samaki ishirini kabla ya kunywa chai, na jioni hakumbuki hata mmoja. Sisi tulimgusa mmoja, na miaka saba baadaye kiganja changu bado kinamjua. Sisemi kwamba tulikuwa bora. Tulikuwa bure kabisa. Lakini tulikuwa bure pamoja, juu ya ukuta mmoja, na ukuta ule sasa umepandishwa na kuwekwa vipande vya chupa, huwezi kuukalia.

Juma lililopita Bisimwa alinitumia picha kutoka Kinshasa. Kiberiti kimefunguliwa kwenye kiganja chake, kiganja cha mtu mzima, na ndani ndoana tatu zenye kutu. Chini ameandika: "Nitakuja vakansi ya mwaka huu. Tufanye mkutano, tutengeneze programu."

Nilikasirika mpaka nikasimama. Nikamjibu: "Hapana programu. Kuja tu. Dimanche, kisha misa. Beba hiyo kiberiti ndani ya mufuko ya suruali."

Nilikuwa sijamaliza kutuma wakati umeme ulipokatika. Kabla sijafikiri, macho yangu yalikuwa tayari yamekwenda kwenye saa ya ukutani, na mkono ulikuwa unapapasa mezani, unatafuta kalamu.