Beseni la Lushoto

Jirani yangu hapa Pugu anafuga funza wa kulishia kuku. Kila asubuhi, kabla ya chai, hugusisha mgongo wa kiganja ndani ya kila beseni, vile mama anavyopima homa ya mwanawe, kisha hujifuta jasho shingoni kwa pindo la kanga. Hata Julai hii, sie tukiwa na masweta, yeye anajifuta tu. Mabeseni mawili kayaweka pamoja: mayai yameanguliwa siku moja, wanakula maganda ya tikiti yaleyale, kwenye joto lilelile. Ila mbegu ya nzi wa moja ilitoka pwani Kimbiji, ya jingine milimani Lushoto. Wa Kimbiji wameshanenepa. Wa Lushoto bado kama punje za mchele. Jana mteja wake, Azzam, alikuja na ndoo, jaketi kalifunga zipu hadi kidevuni.

"Mama, hawa wazembe wape kuku tu, usiwangoje. Wamezaliwa hapahapa, joto wanalipata, wanachelewa nini?"

Jirani hakupandisha sauti, huwa hapandishi. Alilivuta beseni la Lushoto hadi miguuni pake.

"Kwao baridi, kukua polepole wamerithi huko. Na mie kwetu hukohuko, mwaka wa ishirini niko hapa. Umeshawahi kuniona nimekauka jasho?"

Azzam, ndani ya jaketi lake, akaisogeza ndoo kwenye beseni la wa Kimbiji.