Kicheko cha Bibi Plunkett

Kicheko cha Noreen Tackett kilianzia tumboni, kikapanda na mluzi, kikakwama kooni kidogo kama gari linalogoma kuwaka, halafu kikalipuka. Akicheka kwenye foleni ya donati pale Burbank, mji wa studio, foleni nzima iligeuka kumtafuta mwenye kicheko. Na mwenye kicheko alikuwa mama wa miaka hamsini na miwili, mwembamba kama ufagio, mhariri msaidizi wa katuni, ambaye kutwa nzima wenzake ni kompyuta mbili na kahawa iliyopoa.

Katuni za vichekesho hazitengenezwi kama unavyodhani wewe uliyelala kwenye kochi. Sauti hutangulia, michoro hufuata. Na kwa kuwa waigizaji wakubwa hawapatikani kirahisi, kuna mtu wa ofisini anayewasomea maneno yao ili kazi isilale. Hiyo huitwa sauti ya muda. Mwigizaji akija, ya muda inatupwa.

Katika katuni ya "Kina Plunkett", Noreen ndiye aliyemsomea Bibi Plunkett, kikongwe mwenye matusi matamu kuliko yote katika televisheni. Alimsomea misimu mitano. Mwigizaji mwenyewe alikuwa akija, anavaa hedifoni, anamsikiliza Noreen, anasema, "Haya, nimeshaelewa," kisha anamwiga mpaka pumzi. Watu wakampigia makofi mwigizaji. Noreen naye alipiga, tena kwa moyo mweupe.

Kisha kituo cha televisheni kikaikata katuni, eti watazamaji wamechoka. Wafanyakazi wakatawanyika. Wendell Krantz, aliyeibuni, akajifungia kwenye gereji ya nyumba yake na makaratasi. Hakuna aliyekwenda kumwona ila Noreen, kila Jumanne, miaka mitatu, na donati sita. Wendell aliandika, Noreen akasoma kwa sauti ya Bibi, wakarekodi, na pale Noreen asipocheka, Wendell alifuta. Katikati ya miaka hiyo mwigizaji wa Bibi alifariki. Watu nao hawakuacha kutazama marudio, mpaka kituo kikaona haya kikaagiza kipindi kimoja cha kurudi. Kikipendwa, msimu mzima.

"Njoo turekodi Bibi," Wendell akamwambia.

"Ya muda?"

"Muda gani tena, mwanamke wewe? Bibi ni nani sasa kama si wewe? Naapa kwa mama yangu."

Hector Baeza, fundi wa kuchanganya sauti, alikuwepo, taco mkononi, mchuzi ukimtiririka hadi kwenye kiwiko. "Bosi, mama yako si marehemu?"

"Ndiyo maana kiapo kina uzito!"

Wakacheka wote watatu. Noreen akampigia simu mama yake, Verna, kule Bakersfield. "Mama, nitakuwa Bibi Plunkett. Usimwambie mtu. Naapa ni kweli, ila usimwambie mtu." Kumwambia Verna maneno hayo ni kumkabidhi tarumbeta. Kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa na habari, na akina mama walishagawana nani ataleta saladi ya viazi na nani pai siku ya kutazama.

Akarekodi. Sauti ikaenda kwa wachoraji kule Seoul, michoro ikarudi baada ya miezi saba. Wale wachoraji wana masikio makali: walikuwa wamesikia jinsi Noreen anavyovuta pumzi kabla ya kutukana, wakamchora Bibi akiinua mdomo upande wa kushoto. Noreen alitazama skrini, akajishika mdomo. Alikuwa yeye.

Jumatatu moja likaingia faili. "Bibi Plunkett, sauti kamili: Delphine Crewe." Nyota wa sinema, yule wa mabango. Chini yake kijibarua: "Toa ya muda, weka hii. Asante! W."

Noreen alipanda ghorofani, akaingia ofisini kwa Wendell bila kugonga mlango. "Wendell. Uliapa."

"Kaa kwanza."

"Sikai."

"Kituo kimetaka jina kubwa, Noreen. Ningekataa, kusingekuwa na kurudi. Watu themanini wamepata kazi."

"Tangu lini unajua?"

Wendell akakuna ndevu. "Machi."

Machi! Na Jumanne zote tangu Machi aliendelea kula donati zake.

Noreen akashuka akafanya kazi, siku nne, kwa mkono wake mwenyewe. Alijikata neno kwa neno akambandika Delphine, ambaye alitukana kama anayesoma bei za dukani, na pale ambapo mdomo wa Bibi uliinuka kuvuta pumzi, pumzi haikuwepo.

Alhamisi Wendell akachungulia mlangoni. "Kicheko cha mwisho tunabakiza chako. Delphine kajaribu mara kumi na moja, anacheka kama anayeomba radhi."

"Jina langu litaandikwa?"

"Orodha ya majina imeshafungwa. Lakini mimi na wewe tutajua, sivyo?"

Noreen akarudi kwenye kompyuta zake.

Ijumaa mchana wakubwa wa kituo wakaja kutazama. Wakacheka panapochekwa. Ikafika mwisho: familia inalia kaburini, Bibi anatokea nyuma yao na begi lake. "Mlidhani nimekufa?" Akafungua mdomo. Mabega yakatikisika, meno ya bandia yakaruka, machozi yakamtoka. Sekunde saba, kimya kama samaki kwenye tangi.

"Noreen!" Wendell alisimama. "Kicheko kiko wapi?"

"Uliandika nitoe ya muda. Nimeitoa."

"Irudishe."

"Nimefuta. Na ya akiba. Na zile za gereji."

"Basi cheka sasa hivi! Hector, mletee maikrofoni."

Hector aliileta polepole, akitazama chini. "Bibi," alimnong'oneza, "samahani."

Noreen akaishika. Chumba kizima kinamtazama. Uso wake ulikuwa mkavu. "Haya, Wendell," akasema. "Nichekeshe."

Na Wendell Krantz, aliyechekesha nchi nzima misimu mitano, alifungua mdomo akakosa la kusema. Noreen alingoja, kwa haki kabisa. Kisha akaiweka maikrofoni mezani, akachukua kikombe chake na sweta.

Kipindi kilitoka Novemba, na kicheko cha Delphine. Waliopenda walipenda. Simu ya Noreen ililia kabla majina hayajaisha kupita.

"Yule si wewe," Verna alisema. Nyuma yake sahani ziligongana. Wageni walikuwa wakiondoka mapema.

"Si mimi, mama."

"Nimekaa na watu kumi na tisa sebuleni, Noreen. Wananitazama mimi, si televisheni. Uliniapia."

"Na mimi niliapiwa, mama."

Verna akageuka kuwaaga wageni. Noreen akasikia mlango wa Bakersfield ukifungwa, ukafungwa tena.