Kumsomea Mama Mkwe Kitabu cha Mtawa

Katika kanisa letu mhubiri hasomi Biblia mwenyewe. Ana msomaji wake, na kwa miaka mingi msomaji huyo nilikuwa mimi. Nilikaa kiti cha mbele upande wa kushoto, kipaza sauti mkononi, kidole kwenye mstari. Mchungaji akisema "Soma," nasoma. Akisema "Hapohapo," nanyamaza, hata kama sentensi imebaki nusu, naye anahubiri juu ya maneno yale matatu mpaka jasho linamtoka. Kisha anasema "Endelea." Mimi ni muuza dagaa wa soko la Mwaloni, shule niliishia darasa la saba, na kiti kile nilikipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa. Watu wa mtaa wetu wa Kirumba waliokuwa wakiniona asubuhi na beseni kichwani walinisikiliza Jumapili wametulia.

Mama mkwe alikuja kukaa kwetu macho yalipomshinda. Alitoka Sengerema kufuata matibabu mjini, na daktari akatuambia wazi kwamba presha ya macho imeshaharibu sehemu kubwa, kilichopotea hakirudi, dawa ya matone italinda kilichobaki. Aliona mwanga, aliona kwamba mtu amesimama mlangoni, lakini herufi zilikuwa zimemtoroka. Katika mfuko wake alikuja na nguo chache, rozari, na kitabu kisicho na jalada. Kilikuwa kitabu cha tafakari, kilichoandikwa na mtawa mmoja wa zamani wa nchi ya mbali na kutafsiriwa kwa Kiswahili. Mama alikuwa akikisoma kila Kwaresima tangu usichana wake. Mume wangu ni dereva wa lori na wiki nzima yuko njiani. Watoto wanatoka shuleni hoi. Nilibaki mimi.

"Mayu," aliniambia, yaani mama, maana ndivyo anavyoniita kwa Kisukuma akitaka jambo, "nasikia kanisani kwenu wewe ndiye unayesoma. Nisomee na mimi."

Nilikubali haraka, na si kwa huruma peke yake. Mama ni Mkatoliki wa kuzaliwa, mimi ni mlokole, na walokole hatumwachi mtu wa nyumbani apotee hivihivi. Nilipanga nitasoma, nitamwonyesha kosa la kila ukurasa, na kabla kitabu hakijaisha atakuwa ameokoka. Niliona mpango mzuri kabisa.

Siku ya kwanza, nilipotoka Mwaloni na kuoga, tulikaa barazani. Nikasoma maneno matano, nikanyamaza. Nikasoma mengine manne, nikanyamaza tena.

"Una kikohozi?" mama aliuliza.

"Hapana, mama."

"Sasa mbona unasimama kila mahali?"

Jibu lenyewe lilinishtua. Nilikuwa nasubiri mtu aseme "Endelea." Miaka yote ile ya kipaza sauti nilikuwa sijawahi kusoma ukurasa wa mambo ya Mungu kutoka juu mpaka chini bila kukatizwa. Nyumbani nilisoma mistari niliyoambiwa nikaisome, basi. Nilicheka mbele ya mama, lakini jambo lile liliniuma.

Siku zilizofuata nilijikaza, nikaacha kusimama ovyo. Badala yake nikawa mhubiri. Mtawa alipoanza wazo tu, mimi nilishachomoa andiko la kumpinga na kulisema kwa sauti ya Jumapili. Jirani aliyekuwa akikaanga samaki aliitikia amina kutoka upande wa pili wa ukuta. Mama alivumilia, mwishowe akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Mwanangu, binti yako akiletewa barua ya posa, utaanza kugombana na salamu?"

"Siwezi."

"Basi huyu naye mwache amalize. Akimaliza tunyamaze kidogo. Halafu kama una neno, lilete, nitakusikiliza mpaka mwisho. Sikukimbii, na macho haya ningekimbilia wapi?"

Mimi nikiwekewa sharti naliona ni mashindano. Niliamua nitanyamaza kuliko hata alivyotarajia, na sikujua kazi niliyojitwisha. Kumwacha mtu amalize, tena mtu wa upande ambao umeambiwa umepotea, kunachosha kuliko kubeba beseni. Unasikia ulimi unawasha. Unatafuta kosa kama unavyotafuta mchanga kwenye dagaa, na usipoliona unakasirika. Lakini nilishasema nitanyamaza, nikanyamaza. Kurasa zikaanza kunuka vidole vyangu, mama akasema mtawa wake sasa amehamia Mwaloni.

Kisha tukafika mahali ambapo mtawa anaeleza kwamba kulikuwa na kipindi kirefu alikwenda kusali moyo ukiwa mkavu. Hakusikia kitu. Hakuona machozi wala furaha. Anasema hakuwahi kujua sababu, na aliendelea kwenda tu, akakaa mbele za Mungu na ukavu wake.

Nilimaliza ukurasa, nikanyamaza kama tulivyokubaliana. Baba yangu tulimzika mwaka mmoja kabla ya hapo, na tangu siku ile nilikuwa siisikii sala yangu mwenyewe. Kwetu mtu akikauka hivyo anaambiwa ana dhambi iliyojificha, afunge, aombewe. Kwa hiyo nilipaza sauti zaidi. Nilikemea, nilipiga makofi, na ndani hakukuwa na kitu. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Sasa mtawa wa kigeni aliyekwisha kufa, ambaye nilikuja kumkosoa, alikuwa ameliandika jambo langu waziwazi, na hakuliita dhambi.

"Leo huna neno?" mama aliuliza.

"Leo sina."

Hakuniuliza zaidi, na nilimshukuru kwa hilo.

Isidhaniwe kwamba nilimeza kila kitu. Anapoandika juu ya kuwaomba watakatifu nilimpinga siku ile na ninampinga mpaka leo. Nilimweleza mama sababu zangu zote, andiko kwa andiko, naye alisikiliza mpaka mwisho kama alivyoahidi, akasema, "Hapo tutabaki hivyo, wewe kwako na mimi kwangu." Tukaendelea na ukurasa uliofuata. Sikujua kwamba watu wanaweza kutofautiana juu ya Mungu na bado mmoja akamwekea mwenzake dawa ya macho.

Mwimbaji mmoja wa kwaya ya kanisani kwetu alikuja kuazima sufuria, akanikuta nasoma, akasimama akasikiliza. Jumapili hiyohiyo, baada ya ibada, niliitwa ofisini, kipaza sauti kikiwa bado mkononi. Mchungaji wetu si mtu mbaya. Ndiye aliyemzika baba yangu, na alilia kaburini. Alikuwa amekaa na mzee wa kanisa, wote wawili hawana furaha.

"Mama, tumesikia unasoma vitabu vya upande ule," alisema. "Muumini wa kawaida tungemshauri tu. Wewe ni msomaji. Sauti yako ndiyo inayoleta Neno hapa. Watu watachanganyikiwa."

"Mchungaji, umekisoma?"

"Sina haja ya kukisoma."

"Naomba nikuletee. Usome ukurasa mmoja, ila usome wote."

Alitikisa kichwa. Mzee wa kanisa akasema nikapime mwenyewe: kitabu kile, au kiti. Nikipenda nijibu kwenye ibada ya Ijumaa.

Sikuhitaji kungoja Ijumaa. Niliwaambia kwamba Yesu ninayemwamini ndiye yuleyule niliyemwamini nilipoingia humu, kwamba sihami kanisa, na kwamba kitabu nitakimaliza. Nikaweka kipaza sauti mezani kwa utaratibu, kisije kikadhaniwa kimetupwa. Niliwaaga kwa heshima, nikatoka.

Jumapili iliyofuata nilikaa benchi la nyuma na akina mama wenye watoto wachanga. Binti aliyewekwa mahali pangu alisoma vizuri, na mchungaji alimkatiza kama alivyokuwa akinikatiza mimi. Nililia na sikujificha. Kiti kile kilikuwa heshima yangu mjini, na nilijua hakitarudi. Aliyekuwa jirani yangu kwenye benchi alinipa leso bila kuuliza, nikajifuta, nikaimba wimbo wa mwisho na wenzangu.

Nyumbani nilimkuta mama amekaa kitandani. Viatu viko miguuni, mfuko umefungwa, umewekwa mapajani. Mwimbaji wa sufuria alikuwa amepita kumweleza yote.

"Kesho nipeleke nikapande gari la Sengerema," alisema. "Nafasi yako isipotee kwa ajili ya macho yangu. Mimi ni mtu mzima, nimeshakisoma mara nyingi. Nikiondoka watakurudishia kiti."

Nilisimama mlangoni na kitenge changu cha kanisani, macho yamevimba. Alikuwa amejipanga vizuri. Alikuwa amenipa sababu ya heshima kabisa ya kumwacha aende, na hakuna ambaye angenilaumu.

"Mama, ukitaka kwenda kuwaona watu wako, mfuko huo nitaubeba mwenyewe mpaka stendi," nilimwambia. "Lakini kitabu hakiendi."

"Kitabu changu?"

"Ndiyo, ni chako. Mimi sijakimaliza."

Aliuelekeza uso wake kwangu, akijaribu kuniona kwa mwanga ule kidogo aliobakiwa nao. Kisha akainama, akaanza kuvua viatu.