Tumbo Jekundu la Meli ya Nekesa

Jua linapoanza kugusa mabati ya soko la Kakamega, Nekesa anafungua kibanda chake, anapangusa meza, kisha anatoa meli kwenye sanduku la vifaranga.

Ndiyo, la vifaranga. Ndani mna taa ya kuwapa joto. Wao wanakaa upande mmoja, meli upande wa pili, katikati kuna wavu. Huku kwetu mvua hailali njaa: alasiri nyingi inanyesha, na rangi inayopakwa hewa ikiwa na maji hukauka na ukungu mweupe kama maziwa. Kwa hiyo Nekesa hupaka asubuhi, na mvua ikianza kunukia anaihamisha meli kwa vifaranga ikaote joto.

Meli yenyewe inazidi kidogo urefu wa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Leo ameigeuza kifudifudi. Kando yake kuna kipande kingine cha plastiki, chekundu, kilichopinda kama ganda la papai. Anachukua msumeno mwembamba kama uzi, anavuta pumzi, anaanza kukata ukanda kwenye kile kipande. Ukanda huo ukivunjika, hana mwingine.

"Usinisemeshe," anamwambia Ignatius, fundi viatu wa kibanda cha pili.

"Mimi? Sijafungua mdomo."

"Unapumuanga kwa sauti."

Nekesa ni fundi saa. Amekaa kwenye meza hii tangu watoto wake wakiwa wadogo, akifungua saa za mkono kwa kibano na lenzi ya jichoni. Simu zilipoingia mikononi mwa watu, saa zikapungua, akaongeza kutengeneza miwani. Hizo mbili ndizo zinazonunua unga hadi leo. Meli ni kazi ya tatu, nayo ilimjia bila kuitwa.

Mteja mmoja wa saa alikuwa na reli ndogo nyumbani: vichwa vya treni na mabehewa yanayotembea juu ya meza, vituo vyake, milima ya karatasi. Reli yake ilikuwa inaishia gatini, kwenye maji ya kupaka rangi, lakini gati halikuwa na meli. Alikuwa amenunua sanduku la vipande vya kuunganisha, vikamshinda. Akamwuliza Nekesa kama mkono unaoweza kushika skrubu ya saa unaweza kushika nanga.

"Nikamwambia, wacha hapa nijaribu," anasema Nekesa. "Treni kufika gatini bila meli ni kama bibi harusi kufika kanisani akute mlango umefungwa. Nilimwonea huruma."

Tangu siku hiyo wanamtafuta, mmoja Eldoret, mwingine Kisumu, wengine wastaafu wa reli. Wanaelekezwa na Ignatius, ambaye ulimi wake wa Kiluhya cha Isukha haupendi herufi el. "Ni yule mama wa meri," anawaambia. Wageni wakaanza kuuliza Mama Meri yuko wapi. Mke wa mteja mmoja alikuja mbio kutaka kumwona huyo Meri anayepigiwa simu na mumewe kila Jumamosi. Alioneshwa. Akakaa, akanywa chai, akaondoka akicheka.

Ukimuuliza kazi ngumu ni ipi, hatasema kuunganisha. Atasema kuchagua. Masanduku haya yanatoka ng'ambo, mengine ya plastiki, mengine ya mbao, mengine karatasi nene, na kila sanduku lina kipimo chake. Reli nyingi anazotengenezea ni za moja kwa mia moja na sitini. Maana yake hatua mia na sitini za kweli zinakuwa hatua moja mezani. Meli ikiwa na kipimo kingine, mabaharia wanakuwa chawa mbele ya dereva wa treni.

Mara ya kwanza alikosea. Aliona sanduku limeandikwa mia tatu na hamsini, akadhani ndiyo kubwa, akaagiza. Ilipofika ikaenea kiganjani.

"Namba ikikua, meli inapungua," anaeleza.

"Kama bei ya unga," anadakia Ignatius. "Hiyo nayo inakuanga, na pakiti inapungua."

Jambo la pili ni meza yenyewe. Meli ya bahari kuu ingefunika kituo kizima, treni ionekane kama funza. Ndiyo maana anawashauri wateja wachague meli fupi za ziwani, mashua za kuvuta, au zile za kubeba mabehewa. Wengine wanakubali. Wengine wanataka kubwa, anawajengea, wanairudisha wenyewe.

Jambo la tatu ndilo lililomweka mezani asubuhi hii. Maji ya reli ndogo ni ubao uliopakwa rangi, hayana kina. Meli lazima ikatwe tumbo ili ikae juu yake kama inayoelea. Na mahali unapokata ndipo unaposema habari yake. Meli iliyobeba mzigo huzama kidogo, kwa hiyo unakata juu na rangi nyekundu ya chini inapotea. Meli tupu huinuka, kwa hiyo unakata chini, na ukanda mwekundu unabaki unaonekana. Unakata mara moja. Tumbo likishatoka, limetoka.

Mwenye meli hii ni Mzee Kipyegon wa Lugari. Ujana wake aliumalizia gatini Kisumu, akifunga mabehewa kwa minyororo juu ya sitaha ya meli iliyoyavusha ziwa. Baada ya kustaafu alirudi kwenye mahindi yake, na katika ghala lisilotumika akajenga reli ndogo, kipande kwa kipande, mpaka gatini. Kilichobaki ni meli. Lakini macho yake yana presha, na kila akienda kliniki anarudi na habari ileile: dawa inapunguza mwendo wa upofu tu, haiuzuii.

Alimpigia Nekesa simu na kumwambia neno moja kuhusu ilivyotakiwa kukaa. "Iwe inaondoka, mama. Inaondoka gatini."

Nekesa akaelewa. Yeye ni mzaliwa wa Matete, na kwao mgeni haondoki mikono mitupu. Ukimletea mtu kitu kwenye kikapu, kikapu chako kinarudi na kitu, hata kama ni mayai mawili. Basi meli inayoondoka itakuwa imebeba nini kama si mzigo? Akaikata juu, ikakaa chini majini, nzito, imeshiba. Akapiga picha kwa furaha, akaituma.

Aliyejibu ni Chebet, mke wa mtoto wa mzee, ambaye humsomea ujumbe. "Mama, picha nimeiona, ni nzuri. Lakini mzee anauliza nyekundu iko wapi."

Mzee mwenyewe akachukua simu. "Siku ya mwisho niliyoifungulia meli kamba, mama, haikuwa na behewa hata moja. Tupu. Iliinuka mpaka nikaona tumbo lote jekundu. Niliiangalia hivyo mpaka ikapotea. Na rangi nyingine siku hizi naonanga kijivu tu. Nyekundu ndiyo bado inanifikia."

Nekesa anasema alikaa na simu mkononi, chai ikapoa. "Nilimpa mzigo ambao hakuuomba. Nilidhani ni heshima. Sikumwuliza."

Ignatius alimshauri achore mstari mwekundu ubavuni, amalize. Nekesa alikataa. Meli ingebaki chini na rangi ingepanda mahali pasipo pake, na mtu aliyeifunga kamba miaka yote hiyo angejua, hata kwa jicho moja. Kitu kimoja kilimwokoa: matumbo anayokata huwa hayatupi. Anayaweka kwenye kikapu chini ya meza.

Ndiyo maana leo anakata ukanda kutoka kwenye tumbo lile ili aurudishe mahali pake. Msumeno unafika mwisho. Ukanda unaanguka kwenye kitambaa, mzima, mwembamba kama ganda la njugu. Ignatius anatoa pumzi aliyokuwa ameizuia.

"Sasa pumua," anamwambia Nekesa.

Anaujaribu chini ya meli. Unakaa vizuri, ila nyuma kuna upenyo mdogo wa kuzibwa. Meli inainuka. Daraja dogo lenye bawaba, linalounganisha reli za gati na reli za sitaha, itabidi lielekezwe juu kidogo. Hilo atalifanya kesho. Jumamosi anataka kuipeleka Lugari yeye mwenyewe, imefungwa kwenye leso, aiweke gatini dirisha likiwa wazi, mzee aione kwa mwanga wa mchana. Anaogopa macho ya mzee yatazimika kabla hajafika.

Kabla ya kupaka gundi anasimama. Anaingiza mkono kwenye mfuko wa mahindi ya vifaranga, anachagua punje moja kavu, anaidondosha ndani ya meli. Kisha anapaka gundi, anabandika ukanda, na kufunga tumbo kwa bamba jembamba la plastiki.

Simu inalia. Ni Mzee Kipyegon.

"Nyekundu ipo?"

"Ipo, mzee. Ukanda mzima, mbele mpaka nyuma."

"Na juu?"

"Juu ni tupu, kama ulivyoiona. Lakini nisamehe, ndani nimetia punje moja ya mahindi. Nimeshindwa kuiacha iende hivihivi."

Upande wa pili kunasikika kicheko cha chinichini. "Hiyo hata mwenye macho mazuri hataiona."

"Hapana, haionekani. Na meli sitaigandisha mezani, nitaiacha huru, uweze kuinyanyua."

Anabana tumbo la meli kwa vidole vya mkono mmoja, gundi isiachie, anaisogeza karibu na simu, na kuitikisa taratibu. Punje inagonga huku, inagonga kule.

"Umesikia, mzee?"

"Rudia," anasema Mzee Kipyegon.