Kasuku wa Mama Kozue

Kwa miaka tisa tulimwita Mama Kozue, na baada ya hapo hatukujua tumwite nani. Jina lake mwenyewe ni Tomiko, mke wa Isao Hamada, dereva wa basi. Lakini kichochoroni kwetu, huku kusini mwa Tokyo, mwanamke akishazaa jina lake hupumzika. Kozue alipofariki, mwezi wa kumi na mbili, kwa ule moyo wake uliozaliwa mchovu, jina la mama likafa naye siku hiyo hiyo. Watu wakaanza kusema "yule wa kwa Hamada", tena kwa sauti ya chini.

Mimi ni muuza tofu, ile jibini laini ya soya. Nyumba yangu imepakana na iliyokuwa yao, ukuta mwembamba, Isao akipiga chafya mume wangu anageuka kitandani.

Kasuku walimnunua juu ya paa la duka kubwa, pale walipokuwa wakiuza samaki wa rangi na mbawakawa wa kuchezea watoto. Alikuwa wa kijani, mdomo mwekundu, mkia mrefu kama rula ya shule. Kozue hakuruhusiwa kukimbia na wenzake, basi wakawa wanashinda wawili dirishani. Na kama wafanyavyo wengi wa hapa wanaofuga ndege, akamfundisha anwani ya nyumbani, ili akipotea wamrudishe. Ilimchukua kiangazi kizima. Tulikuwa tunasaga soya huku tunasikia: tena, Piko, sema tena.

"Mimi ni Piko. Nimepotea. Sakaemachi, kitalu cha pili, nyumba ya tisa, kwa Hamada. Tafadhali nirudisheni."

Kasuku hana sauti yake mwenyewe, husema kwa sauti ya aliyemfundisha. Piko alisema kwa sauti ya Kozue, mpaka ule mvuto wa pumzi kabla ya "nyumba ya tisa", maana mtoto hakuweza kufika mwisho bila kupumua.

Kinyozi Kurokawa, mtu wa mzaha na wa chupa, akipita lazima asimame. "Piko, mwalimu wangu! Leo nikilewa utanielekeza na mimi?"

"Wewe njia unaijua, kaka," Mama Kozue humjibu akiwa anaanika nguo. "Mlango ndio unaouogopa."

Kichochoro kizima kinacheka, na mke wa Kurokawa ndiye anayecheka kuliko wote.

Basi. Mtoto akazikwa, na ndege akabaki na sauti yake. Kila asubuhi kitambaa kikiondolewa kwenye kizimba, Kozue anaanza kuongea. Isao akawa anatoka kwenda kazini bila kunywa hata chai. Tomiko yeye alikuwa kinyume: alikaa mbele ya kizimba toka asubuhi, anambembeleza. Tena, Piko. Sema tena.

Mama mkwe wake, Bibi Kiku, akashuka kutoka kwao milimani. Alimtazama siku tatu bila neno. Siku ya nne akasema, nami nipo nimepeleka tofu, "Mwanangu, mtoto ataondokaje nawe umemshika upindo wa nguo?" Akaeleza kwamba kijijini kwao, siku ya arobaini na tisa, marehemu anapovuka, watu humwachilia ndege wa kizimbani avuke naye. Na ndege yule akirudi, asifunguliwe. Akifunguliwa, marehemu naye atageuza shingo, na ageuzaye shingo hafiki.

Sisi wa mjini hatukuwa na desturi hiyo. Lakini nani atabishana na bibi aliyezika watoto wake watatu?

Siku ya arobaini na tisa ilikuwa mwezi wa pili, na theluji ilianguka tangu alfajiri. Sala zilipokwisha na wageni wakala, Tomiko akatoka na kizimba, nasi nyuma yake na nguo zetu nyeusi. Akafungua. Piko hakutoka. Bibi Kiku akagonga kizimba kwa fimbo, mara mbili. Ndege akaruka hadi kwenye waya wa umeme, akajikung'uta, akaelekea upande wa shule.

Kule shuleni, kwenye miti mikubwa ya ginko, walilala kasuku wengine kama yeye, mamia. Walikuwepo kabla Kozue hajazaliwa. Wengine walitoroka kwenye makreti ya wafanyabiashara, wengine kwenye madirisha ya watu. Kila mwaka tulisema baridi itawamaliza mwaka huu, na kila mwaka walikula maua yetu ya cheri wakazidi kuzaana. Tukafarijiana: angalau amekwenda kwa wenzake.

Saa kumi na moja jioni, spika ya manispaa ilipopiga ule wimbo wa kuwaita watoto majumbani, akarudi.

Nilikuwa naosha vyombo vya kugandishia tofu. Nilimsikia kwanza kwa Hamada, kwenye vibao vya dirisha. "Mimi ni Piko. Nimepotea." Akasema yote mpaka mwisho. Kimya. Akasema tena. Kisha akaenda ng'ambo kwa Kurokawa. Kisha akaja kwangu, karibu kiasi cha kusikia kucha zake kwenye mbao.

Mume wangu akanyoosha mkono afungue. Nikamkamata.

"Acha. Umesikia alivyosema Bibi Kiku."

"Lakini ni mtoto, Sadae."

"Ni ndege."

Tukakaa. Huko nje nilisikia vibao vikivutwa, nyumba hii, nyumba ile, kichochoro kizima kinajifunga. Wote tulidhani tunamsaidia Kozue asigeuze shingo. Ndege alirudi tena kwa Hamada, akasema mara moja zaidi, halafu ikawa theluji tu.

Kesho yake tuliongea habari za theluji.

Miaka ishirini na mitatu ikapita hivyo. Bibi Kiku akafa, Isao akafa, mume wangu pia. Tomiko akawa anatungika vipande vya matunda kwenye misumari dirishani, na kasuku wa shuleni wakawa wanamjia, kumi, kumi na watano, wanagombana, wanachafua nguo za watu. Kijana mmoja mpangaji akamjia juu: "Bibi, unatufugia balaa hapa!"

"Siwafugi, mwanangu. Mimi nafungua dirisha tu."

Na kweli alilifungua, hata mwezi wa kwanza, yeye ndani amevaa makoti mawili. Kila kasuku aliyetua, Tomiko alimsikiliza kwa kichwa kilichoinama. Wote walipiga kelele za kasuku tu.

Kisha ikaja amri ya kupanua njia ili gari la zimamoto lipite. Nyumba zote kuanzia ya Hamada hadi barabara kuu zibomolewe, mwisho wa mwezi wa kumi na moja; yangu ndiyo ya kwanza kubaki. Wengine wakatia saini. Misao, mpwa wake Tomiko, akampatia chumba kizuri ghorofa ya nane karibu na kwake. Tomiko akakataa. Ofisa wa manispaa akaja mara tatu na boksi la keki, akiinama mpaka miwani inateleza.

"Nitahama," Tomiko alimwambia. "Ila kuna mtu anayejua anwani hii tu, nyingine haijui."

Ofisa akapekua karatasi zake. "Mbona hapa ameandikwa mtu mmoja, mama?"

Misao akaja dukani kwangu analia. "Shangazi Sadae, wakija kumtoa kwa nguvu atakufa. Ongea naye wewe, tafadhali."

Nikaenda. Dirisha wazi, upepo unakata. Nikaanza: dada, kasuku hawaishi miaka yote hiyo.

"Wengine wanafika thelathini," akasema. Kisha akanitazama. "Sadae, nikuulize kitu. Siku ile, ya theluji. Isao alisema hakusikia. Alikufa anasema hakusikia. Mama mkwe alisema ni majonzi yanayonipigia kelele masikioni. Mpaka leo sijui kama alirudi kweli. Kama hakurudi, basi sikumfungia mtu mlango. Kama alirudi, nataka nimfungulie hata leo."

Ningeweza kusema uongo. Angehama siku hiyo hiyo, tena akiwa na moyo mwepesi. Ulimi ulishajikunja kuusema.

"Alirudi," nikasema.

"Umejuaje?"

"Alikuja na kwangu. Mume wangu alitaka kufungua, mimi nikamshika mkono. Alikwenda na kwa Kurokawa. Alipita kila nyumba, dada. Wote tulisikia."

"Alisema yote?"

"Yote."

"Na pale kabla ya nyumba ya tisa?"

"Alivuta pumzi."

Akashika ukingo wa meza ndogo. "Miaka ishirini na mitatu," akasema, "na wewe upo nyuma ya ukuta huu hapa."

"Ningekuambiaje, dada?"

"Kwa mdomo, Sadae. Kwa mdomo huo huo unaouzia tofu."

Akainuka kwa shida, magoti yakilia, akalifunga dirisha.

"Basi alifika," akasema akiwa amenipa mgongo. "Hakupotea. Sasa namngoja nani?"

Wiki ile ile akatia saini. Siku ya kuhama alizunguka kichochoro mlango kwa mlango kuaga, kama desturi yetu, na taulo ndogo zilizofungwa kwa karatasi. Nilisimama nyuma ya mlango wangu tangu asubuhi, mkono kwenye mpini. Nilimsikia kwa mtoto wa Kurokawa. Nilisikia hatua zake zikija, zikapita. Kisha gari likawashwa.

Nyumba ya tisa iliangushwa kwa asubuhi mbili tu. Misao akija kununua tofu namuuliza hali. Husema shangazi hajambo, chumba kina joto, ila ameomba redio ihamishiwe jikoni, hapendi sauti za watoto wanaoimba humo. Salamu zangu humpelekea kila mara. Za kurudi, bado.